Gari inasema mapema, ila anayeisikia sio mwenye hela ya sevisi

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mbeya, na pole na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Kila ikitokea ajali kwenye milima yetu huku, iwe Iwambi kushukia Mbalizi, iwe Mlima Nyoka, iwe Kitonga kule Iringa, taarifa inakuja na maneno yaleyale, chanzo ni breki kufeli. Basi, imeisha hiyo. Msomaji anakunja gazeti anabaki anaamini breki ni kitu kinachoamua chenyewe tu siku moja kufeli, bahati mbaya, kazi ya Mungu haina makosa. Mi ni fundi wa magari hapa Mbeya mjini, gereji yetu iko Soweto, na nasema hili kwa uchungu, breki kufeli ghafla bila kutoa dalili yoyote ni kitu adimu sana. Gari inasema. Inasema wiki kadhaa kabla, saa nyingine miezi, inatoa sauti, inatoa harufu, pedeli inabadilika, mafuta yanaanza kuisha haraka, yaani inaongea kwa kila namna iliyo nayo. Shida yetu ni kwamba huku anayeisikia ni mmoja na anayelipa ni mwingine, na hao wawili mara nyingi hawaongei zaidi ya hesabu ya jioni.

Angalia gari zinazofanya kazi huku kwetu. Noah zinazopanda na kushuka Uyole na Tukuyu, Hiace za mjini, Fuso zinazobeba viazi kutoka Isyonje na Kikondo, zinazobeba ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela. Nyingi mwenye nazo siye anayeziendesha. Mwenye gari yuko dukani kwake Mwanjelwa au ni mtumishi ofisini au yuko Dar kabisa, anachosubiri ni hesabu iingie kwenye simu. Dereva anaamka saa kumi alfajiri, na anajua akikosa hesabu siku mbili tatu gari anapewa mwingine, vijana wa kuendesha wako wengi stendi wanasubiri. Sasa huyu akisikia kitu kinalia chini, unadhani atasema? Akisema bosi atauliza shilingi ngapi, gari italala gereji, na hesabu ya siku hiyo haipo, wengine wanaambiwa kabisa waifidie kesho yake. Kwahiyo anaongeza sauti ya redio anaendelea. Mi siwezi kumlaumu peke yake.

Na kuna hili la mafuta ambalo mimi naliona baya kuliko yote, maana linavunja hata uaminifu kati ya watu. Dereva anamwambia mwenye gari, bosi siku hizi mafuta hayatoshi, ile ya elfu hamsini hainifikishi jioni. Mwenye gari moja kwa moja anajua anaibiwa. Anamfukuza. Anakuja dereva mwingine, baada ya wiki mbili naye anasema hivyohivyo, naye anaonekana mwizi. Gari ikija kufika gereji kwa tatizo lingine kabisa unafungua air klina unaikuta imeziba vumbi mpaka haioneshi mwanga, plagi zimeliwa, tairi upepo mdogo, na gurudumu moja breki imeganda inajibana yenyewe muda wote. Mwenye gari kabadilisha madereva wakati cha kubadilisha ilikuwa air klina. Ndugu zangu wenye magari, mafuta kuongezeka ghafla bila safari kuongezeka ni dalili ya kwanza kabisa kwamba gari inataka sevisi, kabla hujamwita mtu mwizi ipeleke kwanza ikakaguliwe. Hiyo ya breki kuganda unaweza kuijua mwenyewe bila fundi, ukitoka safari ya barabara tambarare ambayo hukukanyaga sana breki, shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, ukikuta moja inatoa joto kali kuliko nyenzake basi hapo kalipa, yaani kile kifaa kinachobana padi za breki kwenye diski, imeng'ang'ania, inakula padi, inakula mafuta na inapika beringi za gurudumu.

Nirudi kwenye breki zenyewe maana ndo zinaua.

Padi nyingi za breki zina kibati kidogo kimewekwa makusudi na waliozitengeneza. Padi ikiisha kufikia kiwango fulani kile kibati kinagusa diski na kinatoa kelele nyembamba, unaisikia zaidi ukiwa unapunguza mwendo taratibu, mfano unapokaribia matuta. Ile kelele imewekwa ili ikwambie bado una muda kidogo, nenda kabadilishe. Juzi ililetwa Noah, dereva kijana mdogo tu, ananiambia fundi inalia kidogo nikikanyaga, naomba uniangalizie haraka nina abiria saa nne. Tukatoa tairi la mbele kushoto. Padi ya ndani haikuwa na hata chembe, kimebaki chuma kitupu, na kile chuma kimeichimba diski mpaka ina mifereji ukipitisha ukucha unazama, vumbi la chuma linang'aa limeganda rimu nzima. Padi ya nje bado nene. Pini za kalipa zilikuwa kavu hazina grisi hata kidogo, kalipa haitembei, ndo maana upande mmoja ulikuwa unafanya kazi ya pande mbili. Nikamuuliza ilianza lini, akasema kitambo fundi, kwanza ilikuwa inalia kasauti kembamba alafu kakaacha, sa hivi inakwaruza tu. Wasomaji naomba muielewe hiyo sentensi. Kelele nyembamba ikiacha yenyewe haijapona, kibati cha kukuonya kimeshaliwa na sasa ni chuma kwa chuma. Na ile gari asubuhi hiyohiyo ilikuwa imetoka Tukuyu imejaa watu.

Mngekuja kwenye ile kelele ya kwanza tungebadilisha padi tukapaka grisi pini ukaondoka ndani ya saa moja. Ilipofika pale ikawa padi, diski mbili, na kalipa kufunguliwa yote. Na gari ililala.

Mafuta ya breki nayo watu wanayasahau kabisa. Dereva anafungua boneti anaona yamepungua, anaongeza, anafunga. Kuongeza sio kosa ila lazima ujiulize yameenda wapi, yale mafuta hayaungui kwenye injini. Yakipungua ni padi zimeisha kwahiyo pistoni za kalipa zimesogea nje zaidi, au kuna mahali yanavuja, angalia ndani ya tairi za nyuma kwenye ngoma kama kuna unyevu, angalia mipira ya breki kama imepasuka. Na hata kama hayajapungua yana umri wake. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani polepole, DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205, lakini ikishavuta maji ya kutosha kiwango hicho kinashuka kuelekea 140. Sasa teremka Kitonga na mzigo, mguu uko kwenye breki muda wote, joto la diski linapita hapo bila shida yoyote, mafuta yanachemka yanatoa mvuke ndani ya mipira, na mvuke tofauti na mafuta unabonyea, pedeli inazama mpaka chini na gari haishiki. Hapo ndo inaandikwa breki zimefeli. Yale mafuta yanatakiwa kumwagwa na kuwekwa mapya karibu kila miaka miwili, na mi napokea gari ambazo tangu zishuke melini hayajaguswa, yamekuwa meusi kabisa.

Dalili nyingine za breki nazisema harakaharaka. Usukani unatikisika ukikanyaga kwenye mteremko, diski zimepinda. Gari inavuta upande mmoja ukikanyaga, upande mmoja haufanyi kazi. Pedeli laini mpaka upampu mara mbili ndo ishike, kuna upepo ndani. Umesimama umekanyaga na pedeli inazama polepole yenyewe, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Harufu ya kuungua ukifika chini ya mlima, hapo simama pembeni zipoe, na safari ijayo shuka na gia. Wazee wa barabara hii walitufundisha shuka na gia uliyopandia na ni kweli mpaka leo, na wenye gari za otomatiki wasiseme haiwahusu, ile L na 2 na B pale kwenye gia haikuwekwa pambo. Kwa wenzetu wa semi na mabasi yenye breki za upepo dalili ni geji kuchelewa kujaa asubuhi au upepo kushuka gari ikiwa imesimama, na breki za ngoma ambazo hazijakazwa muda mrefu, zinashika vizuri stendi ila zikipata moto mlimani ngoma inatanuka na zinabaki hazifikii.

Jambo la pili ni joto la injini. Huku kwetu mlima ndo unaokupima mapema. Ukiona geji ya joto inapanda ukiwa unapandisha kutoka Kyela kuja Tukuyu au unapandisha Kitonga, alafu ukifika tambarare inarudi yenyewe, usiseme imepona. Kyela iko mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari na Mbeya mjini tuko karibu 1,700, hiyo kazi ya kupanda injini inaifanya kwa nguvu zote, na rejeta iliyoziba au feni iliyochoka au maji yaliyopungua yanajionesha hapo kabla hayajajionesha popote. Dereva wa Dar anaweza kukaa na rejeta mbovu miezi asijue. Sisi tunaambiwa siku ya kwanza, tatizo hatusikilizi.

Na kuna kitu wengi hawajui, kwenye huu mwinuko wetu maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi kama 94, sio 100. Kinachozuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni ule mfuniko, unabana presha. Mpira wa mfuniko ukichoka presha inatoka, maji yanapungua kila siku na wewe unaongeza ya bomba kila siku na hujui yanaenda wapi. Mfuniko ni bei ndogo sana, kagua huo kabla hujaambiwa gasketi ya injini imeungua. Ila kama unaongeza maji na ukivuta kijiti cha oil unakuta oil imegeuka rangi kama chai ya maziwa, au ukiwasha injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi unaona mapovu yanapanda mfululizo kwenye rejeta, hapo usiondoke na hiyo gari kwenda popote, ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe. Na jamani, rejeta ya moto haifunguliwi. Nimeshaona mikono na nyuso zilizoungua kwa haraka ya dakika kumi.

Gari ndogo kama Passo nyingi hazina geji ya joto kabisa, zina kataa (taa ndogo) ka bluu asubuhi kanakosema injini ni ya baridi na kataa kekundu kanakosema imeshazidi. Katikati hapo haikwambii kitu. Kekundu kakiwaka simama, zima, usijipe moyo kwamba nyumbani ni hapo tu Iyunga. Wenye gari hizi wazoee kuangalia maji kwenye kopo lake angalau kila wiki gari ikiwa imepoa.

Hapa naomba niongee na mafundi wenzangu pia maana sio wenye magari tu. Gari ikichemsha wengi wetu tunatoa tamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, tunatupa, mteja anaondoka anafurahi. Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba hiyo injini isiyo na tamostati asubuhi haipati joto lake linalotakiwa, inakunywa mafuta, petroli isiyoungua vizuri inashuka kwenye oil na kuifanya nyepesi, na kilichofanya gari ichemshe bado kiko palepale. Tuweke tamostati mpya na tutafute chanzo. Pia tuache kujaza maji ya mtoni, yanaleta kutu na yanaziba rejeta, na wanaolaza magari Makete na Kitulo wanajua kule usiku wa kipupwe maji yanaganda, kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ndo inayozuia injini isipasuke, ile rangi ya kijani au nyekundu sio urembo.

Oil sasa. Watu wananiuliza kila siku, fundi ni kilomita ngapi? Oil ya kawaida wengi tunasema 5,000, sinthetiki nzuri inaweza kufika hata 10,000 kwenye mazingira mazuri. Lakini ukifungua kitabu cha gari utakuta kuna ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na matumizi magumu wanayataja kabisa, vumbi, milima, mzigo mzito, safari fupifupi za kuwasha na kuzima. Hiyo si ndo Mbeya yote? Kwahiyo kama gari yako inaingia mashambani Usangu kuzoa mpunga au inaenda machimbo ya Chunya, ile kadi anayokuandikia muuza oil isikulaze usingizi, wahi kabla. Air klina ndo kabisa, hiyo kwa gari za vumbi usisubiri kilomita, ifungue uiangalie.

Kuijua oil yenyewe, asubuhi kabla hujawasha, gari iwe sehemu ya usawa, na najua kupata usawa huku kwetu kwa wengine ni kazi ila tafuta hata mbele ya kanisa, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena. Angalia kiwango kwanza. Rangi nyeusi kwenye gari ya dizeli haimaanishi kitu sana, dizeli inaifanya oil nyeusi mapema hata ukibadilisha jana, kwahiyo wanaoikagua kwa rangi tu wanajidanganya. Paka tone kwenye vidole, usikie kama ina chengachenga, inuse kama ina harufu ya petroli. Na ile taa nyekundu yenye picha ya birika la oil, kuna tabia moja ambayo madereva wa milimani wanaijua, inawaka kidogo kwenye kona kali au kwenye mteremko alafu inazima. Wanasema ni shoti. Mara nyingi sio shoti, oil imepungua, gari ikiinama oil inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta upepo. Hiyo taa ikiwaka hata sekunde mbili simama salama, zima injini, pima oil. Taa zingine za njano unaweza kufika nazo gereji, hiyo nyekundu hapana, injini inanoki ndani ya dakika chache na hapo tunaongelea injini nyingine.

Na nikiwa kwenye taa, ukinunua gari au ukipewa gari ya mtu uendeshe, washa swichi bila kupiga stata uangalie dashibodi. Taa zote za onyo zinatakiwa kuwaka kwanza alafu nyingi zinazima injini ikishawaka. Ukikuta ya check engine au ya oil haiwaki kabisa hata hapo kwenye swichi, jua ama balbu imeungua ama kuna mtu kaizima makusudi ili auze. Hiace zenye injini za dizeli za 3L na 5L kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka ikifika muda wa kubadilisha taiming belti, ule mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni, karibu kila kilomita 100,000. Hiyo belti haitoi sauti ya kukuonya, ni moja ya vitu vichache kwenye gari ambavyo kweli vinaondoka kimyakimya, na ikikatika kwenye injini hizo valvu zinagonga pistoni. Gari zetu zinatoka Japan na kilomita za dashibodi mara nyingine zimeshachezewa, kwahiyo fungua boneti au angalia kwenye fremu ya mlango kama bado kuna stika ya Kijapani, nyingi zinaandika tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho, tarakimu utazisoma tu hata kama lugha huijui, linganisha na dashibodi. Usipoona stika wala historia yoyote badilisha belti uanze hesabu yako mwenyewe.

Moshi wananiletea maswali sana kipindi cha baridi. Asubuhi ya mwezi wa saba ule mvuke mweupe unaotoka kwenye ekzosi na kupotea injini ikishapata moto ni wa kawaida kabisa, ni unyevu tu, usidanganywe mtu akakufungulia injini. Mweupe mzito ambao hauishi na maji yanapungua ndo wa kuogopa. Wa bluu ni oil inaungua. Mweusi mafuta ni mengi kuliko hewa, anza na air klina kabla hujagusa nozeli. Betri nayo baridi inaifichua, stata ikianza kuzunguka kwa uvivu asubuhi wakati mchana iko vizuri, pima betri na pima chaji ya oltaneta, injini ikiwa inaunguruma inatakiwa iwe kama volti 14 hivi, na safisha zile tominali zenye unga mweupe. Tairi pia zinaongea, ikiliwa upande wa ndani peke yake ni alaimenti au bushi, ikiliwa katikati upepo umezidi, ikiliwa kingo zote mbili upepo mdogo, na tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa DOT ubavuni mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nzuri tairi ya umri huo na barabara ya Kitonga sikushauri. Gia ya otomatiki ikichelewa kuingia ukiweka D au injini ikinguruma mlimani bila gari kusogea, usisubiri, na usiruhusu mtu amimine oil yoyote ya gia ilimradi ni nyekundu, gari zenye gia za CVT, zile otomatiki za mkanda, zina oil yake.

Sasa Mhariri, haya yote dereva anayaona na kuyasikia kila siku. Ninachoomba kwa wenye magari wenzetu, kwa heshima kabisa, kaka zangu na dada zangu na wazee wangu, kwanza weka daftari kwenye gari. Dereva aandike kilomita, oil imebadilishwa lini, nini kinalia, alafu hilo daftari ulisome jioni unapopokea hesabu. Pili, siku ya sevisi isiwe na hesabu. Mkubaliane kabla, ijulikane, isiwe dereva anaonekana kaleta hasara. Siku moja ya gari kulala gereji kwa kupanga ni ndogo mno ukilinganisha na wiki tatu za kusubiri injini kutoka Dar. Tatu, panda gari yako mwenyewe, angalau mara moja kwa mwezi, kaa siti ya mbele, zima redio, fungua kioo, panda nayo mpaka Isyonje na ushuke nayo. Utasikia mwenyewe. Wengi wenu hamjawahi hata kukaa ndani ya hizo Noah zikiwa na abiria.

Na ile stika ya wiki ya nenda kwa usalama msiichukulie kama cheti cha sevisi. Gari ilikaguliwa siku ile, padi zinaendelea kuisha kila mteremko.

Kwa madereva, najua presha mliyo nayo. Ila nawaomba mkija gereji semeni ukweli wote, ilianza lini, inatokea ukiwa unapanda au unashuka, injini ya baridi au ya moto. Maelezo hayo yananipunguzia masaa ya kutafuta na yanapunguza bili ya bosi wenu. Na sisi mafundi tukitoa spea ya zamani tumpe mwenye gari aione kwa macho yake, aishike mkononi ile padi iliyoisha, ndo ataamini dereva wake hakuwa anamdanganya.

La mwisho ni lenu nyie wa gazeti. Mwandishi wenu akifika eneo la ajali huku milimani na akaambiwa breki zilifeli, naomba asiishie hapo. Aulize gari ilifanyiwa sevisi ya mwisho lini, mafuta ya breki yalibadilishwa lini, dereva aliwahi kulalamika na alimwambia nani, na aliyeambiwa alijibu nini. Mkiandika na hayo, wenye magari watajua wataulizwa.

Wako msomaji,
Fundi wa magari, Soweto, Mbeya